Rosa Kiden na Miksa Iliyonyweshwa Kwete

Arua ya mwaka tisini na mbili ilikuwa na watu wengi waliojua kucheza muziki, na wachache sana waliojua kuuwasha. Ukitaka kubisha, bisha, lakini kwanza kawaulize wenye spika zilizopasuka. Ukumbi wa Mzee Ondoga, ule wa mabati nyuma ya soko, ulipasua spika mbili ndani ya miezi miwili, na mara zote mbili aliyekuwa mezani ni Lino, DJ aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Lino alisema spika zenyewe zilikuwa mbovu. Ondoga, ambaye aliinunua miksa ya ukumbi, meza ile ya kuchanganyia sauti, mtumba huko Nairobi na kuipakata mapajani safari nzima, alimwamini, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Mwingine alikuwepo, ila alikaa mlangoni akiuza tiketi. Jina lake Rosa Kiden, Mkakwa wa Lobule kule Koboko, umri miaka ishirini na mitano. Kila Jumamosi mchana Lino alipowasha mitambo, spika zililia pwaa, na Rosa pale mlangoni alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kosa alilijua. Lino aliwasha amplifaya kwanza, ile yenye nguvu zote, ndipo akawasha miksa. Kishindo kidogo cha miksa kuamka kiliingia kwenye amplifaya iliyokwisha kuwa macho, kikatoka kwenye spika kikiwa kishindo kikubwa. Rudia mchezo huo wiki nane, halafu uniambie ni spika gani itavumilia.

Spika ya pili ilipokufa, Rosa akamfuata Ondoga.

"Mzee, spika hapana mbaya. Ubaya iko kwa namna ya kuwasha."

"Wewe unajua nini juu ya kuwasha?"

"Amplifaya ni kama mkubwa wa wilaya, Mzee. Kwa sherehe anaingia wa mwisho, watu wote kwisha kaa. Na anatoka wa kwanza. Ukimleta mapema, anaharibu mambo yote."

Ondoga alicheka mpaka akakohoa, maana sherehe za namna hiyo alikwisha kuzihudhuria nyingi. Jumamosi iliyofuata akamwambia Rosa awashe yeye. Rosa akavuta chini vile vidude vyote vya kusukuma sauti, akawasha deki mbili za kaseti, akawasha miksa, akangoja kidogo. Mwisho kabisa akawasha amplifaya, kitufe chake kikiwa sifuri, akakipandisha taratibu. Hakuna pwaa. Muziki ukaja wenyewe, safi, na Lino akasema ni bahati tu.

Tangu siku hiyo Rosa akawa mtu wa kuwasha na kuzima, na Lino mtu wa kupigiwa makofi. Yaani mmoja alipika, mwingine akala. Na hapa sitazungukazunguka: Rosa aliitaka ile meza. Alitaka kukaa pale, hedifoni kwenye sikio moja, jina lake liandikwe kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, mahali palipoandikwa Lino. Aliitaka mpaka akaiota.

Watu walipomwuliza alikojifunzia, alijibu kila mara, "Kwa Celestino, fundi wa redio wa Ariwara, kule Zaire." Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Nusu ya pili ilikuwa baba yake.

Mzee Laku alikuwa mtu wa redio jeshini. Rosa alipokuwa mdogo, huko kambini, baba yake alimkalisha kando ya mtambo akamfundisha mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuwasha chochote, pigilia chuma ardhini, ufunge waya, ukimwagie maji, umeme wa kupotea upate pa kushukia. Pili, sikiliza kabla ya kusema. Tatu, kitu cha mwisho kukiwasha ndicho cha kwanza kukizima. Mtoto alizoea maneno hayo kama wengine walivyozoea sala. Kisha ukaja mwaka sabini na tisa, serikali ya kijeshi ikaanguka, askari wake wakawindwa, na watu wa Koboko wakaanza kuvuka mipaka na magodoro kichwani. Laku alizika sare yake kwenye shamba la mihogo, akachukua mke na watoto, akaelekea Zaire. Pamoja na sare alizika na kazi yenyewe. Miaka minane ya ukimbizi mtu akimwuliza, alijibu kwamba yeye ni mkulima, na kwa kulima kila siku akawa mkulima kweli.

Walirudi Lobule mwaka themanini na saba. Majirani nao nusu yao walikuwa askari wa zamani, hakukuwa na wa kumwonea aibu, lakini kimya kilikuwa kimekwisha kuwa tabia. Neno jeshi halikutajwa nyumbani kwa Laku. Rosa alijifunza kumtaja Celestino, ambaye kweli alimfundisha kulehemu waya na kusafisha vyombo, na akamwacha baba yake na jembe lake.

Basi mwaka huo wa tisini na mbili, Tombe, kaka yake Rosa, akapata mchumba. Msichana aliitwa Drateru, Mlugbara wa Aroi, karibu na Arua, na sherehe ilipangwa kufanyika Lobule, nyumbani kwa Mzee Laku. Rosa akamwomba Ondoga amwazime mitambo. Ondoga alifikiri siku mbili nzima.

"Chukua," alisema mwishoni. "Jumatatu ikirudi nzima, meza ni yako, Lino atakusaidia wewe. Ikirudi mbovu, wewe usirudi. Tuma mutu ailete."

Lino alikuwepo akasikia. "Koboko hakuna umeme hata wa kumshtua kuku," alisema. "Atawasha kwa mate?"

Rosa alifunga miksa ndani ya blanketi, akaongeza kitenge chake kizuri juu, akapanda lori lililokuwa likipeleka sabuni na chumvi Oraba, mpakani. Spika, amplifaya na deki zilipakiwa nyuma, na dereva akamwambia aweke na mzigo ule huko. Rosa alimwambia kwamba mzigo ukienda nyuma na yeye ataenda nyuma, na dereva akamwacha akae mbele nao.

Jumamosi asubuhi Lobule ilikuwa imefagiliwa mpaka njiani. Jenereta waliazimwa na mfanyabiashara mmoja wa Koboko mjini, na Rosa akaiweka mbali nyuma ya nyumba, moshi usiwafikie wageni. Akachukua chuma kirefu akakipigilia ardhini, akafunga waya, akamwaga ndoo ya maji. Watoto walisimama wakamcheka.

"Shangazi anamwagilia chuma," mmoja alisema. "Kitaota lini?"

"Kisipomwagiliwa, maikrofoni itauma midomo ya padri," Rosa alijibu, nao wakatamani kisimwagiliwe.

Mzee Laku alipita na kiti begani. Akasimama, akakitazama kile chuma, akakisukuma kwa mguu.

"Haijafika," alisema. Akaweka kiti chini, akachukua nyundo, akakigonga mara tatu, akasukuma tena kwa mguu, akabeba kiti chake akaenda. Rosa alibaki ameshika ndoo, maana tangu sare ilipozikwa hakuwahi kumwona baba yake akigusa kazi ile.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa lilikuwa la Rosa mwenyewe. Kule ukumbini meza ya miksa ilikaa nyuma ya benchi, na sheria ilikuwa moja: kikombe hakivuki benchi. Rosa alianza vizuri. Aliweka meza barazani, benchi mbele, kitambaa tayari cha kufunika. Halafu wageni wakaanza kuingia. Wakaja wale waliokimbilia Sudan, wakarudi na vyeti vya shule, ambao kila siku waliwatania wenzao kwamba wa Zaire walirudi na viuno vya kucheza tu. Wakaja wasichana wa rika lake, kila mmoja na mtoto mgongoni, wakimwuliza atazaa lini. Rosa akawatazama, akaitazama meza yake iliyojificha nyuma ya benchi kama mwizi. Akaiinua na ndugu zake wawili, akaiweka uwanjani mbele ya watu wote, bila benchi, ili Koboko yote ione mikono yake inafanya nini. Mimi siwezi kumlaumu. Angekuwa mwanangu ningemsaidia kubeba.

Na Koboko iliona. Mzee Laku mwenyewe alishika jenereta, akaivuta kamba, akaiacha ipumue mpaka sauti yake ikatulia. Ndipo Rosa akachomeka plagi, akawasha kwa utaratibu wake, mkubwa wa wilaya mwisho. Wimbo mmoja ukicheza, alikuwa akisikiliza wa pili kwenye hedifoni, akiurudisha, akiuweka tayari, kisha akapandisha huu na kushusha ule, na wachezaji wakajikuta wako ndani ya wimbo mpya bila kuuona mlango. Taa nyekundu za miksa alizichunga zikonyeze tu, zisikodoe macho. Mabibi wa Lobule walicheza mpaka vumbi likawafika magotini. Wa Sudan nao walitikisa viuno walivyovicheka. Rosa alikuwa na furaha ya kutaka kupasuka, na alijua kwamba anaonekana.

Saa nane mchana wakwe waliingia kutoka Aroi na pembe zao, zile agwara za Walugbara, tarumbeta ndefu za mti, kubwa zake zinamshinda mtu urefu. Aliyewaongoza ni Mzee Candia, mjomba wa bibi harusi. Rosa alishusha muziki wake mpaka chini kwa heshima, pembe zikaingia uwanjani zikinguruma, na watu wakapokea wakwe kwa vigelegele. Walipomaliza, Rosa akapandisha tena kaseti, na Mzee Candia akaja kusimama mbele ya meza. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa upande, kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwenzake.

Hapa lazima mjue jambo la pembe hizi. Jua likizikausha zinapata nyufa, na pembe yenye ufa inakoroma. Kwa hiyo kabla ya kupiga, mwenye pembe huimiminia kwete, pombe yetu ya nafaka, mti ukavimba, nyufa zikajifunga, sauti ikanona. Na katika ukoo wa Candia, mgeni akisikia pembe ya mwenyeji imelia vizuri, huinywesha kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Hii kitu yako inalia vizuri, binti," Candia alisema. "Kwisha kunywa?"

Rosa alidhani mzee anatania. Alicheka. "Bado, baba. Tangu asubuhi."

Mzee Candia hakucheka. Alisikitika, tena kweli, kwamba chombo kinacholia namna hiyo kimewekwa na kiu tangu asubuhi kwenye nyumba ya wakwe zake. Akapokea kibuyu cha kwete kwa mtu aliyesimama karibu, akakishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kwa adabu, akaimiminia miksa nusu kibuyu.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, ila hawakusema atatunzwa kwa kitu gani.

Mkono wa Rosa ulikwenda wenyewe. Haukwenda kwenye miksa iliyokuwa ikichuruzika, ulikwenda kwenye amplifaya na kuizima. Wakati huohuo aliinua mkono wa pili juu, akaupitisha shingoni, ishara aliyoiona utotoni kambini na ambayo hakuwahi kuitumia tangu hapo. Kwenye kona ya nyumba, jenereta ikiwa mgongoni kwake, Mzee Laku aliiona, na jenereta ikanyamaza papo hapo. Rosa akachomoa plagi kwa mkono mkavu, akahakikisha kila kitu kimekufa, ndipo akainyanyua miksa na kuigeuza kifudifudi. Kwete ilimtiririkia kwenye gauni lake jipya.

Mzee Candia alisimama na kibuyu chake, tabasamu likimfutika polepole. Tombe aliuma mdomo. Drateru aliinamisha kichwa, maana alikulia Arua na alijua kitu gani mjomba wake amekifanya. Na Rosa alikuwa na maneno mdomoni, tena ya moto. Meza ya Ondoga ilikuwa inachuruzika mbele yake. Lakini kwetu mkwe akikukanyaga, unamwuliza kama mguu wake umeumia. Angesema neno moja, "umeharibu," Aroi ingelibeba mpaka nyumbani, na Drateru angeishi nalo kwenye boma lile mpaka uzee wake. Rosa aliyameza yote.

"Asante, baba," alisema. "Imekunywa sawasawa. Sasa iko nataka kulala kidogo. Tunaomba pembe zenu zitushikie sherehe mpaka iamke."

Mzee Candia alipumua. "Ni mashine ya mjini," aliwaeleza watu. "Hapana zoea kwete yetu." Watu wakacheka, pembe zikainuliwa, ngurumo ikaanza tena.

Rosa alibeba miksa mpaka nyuma ya nyumba. Alilia kidogo, haraka, kisha akafuta macho kwa kiganja na kutoa bisibisi. Kwete ina masimbi, yale mashapo ya nafaka, na masimbi yakikauka ndani hugandisha kila kitu. Celestino alikuwa akisafisha mitambo kwa pombe kali ile ya kwanza kutoka kwenye mtungi. Ya kwanza ni ya fundi, alisema, ya pili ni ya walevi. Rosa alipoinua kichwa kuomba waragi ya namna hiyo, Mzee Laku alikuwa amekwisha kusimama mbele yake na chupa, mswaki mpya aliouchomoa kwenye zawadi za harusi, na ungo.

Wakafanya kazi. Rosa alifungua, akaosha kipande kwa kipande kwa waragi na mswaki, akafuta kwa kitenge, akavipanga kwenye ungo juani. Laku alikaa chini akivigeuza vile vipande upande wa jua na kufukuza kuku. Mbele ya nyumba pembe ziliendelea, moja inauliza, nyingine inajibu, na Candia hakuwapa vijana wake nafasi hata ya kupangusa jasho.

Saa nzima na zaidi ilipita. Rosa alikuwa akirudishia skrubu za katikati baba yake aliponyoosha kidole.

"Hicho kidogo cheusi, iko kwa njia ya pili. Kimeungua."

Rosa hakuwa amekiona, wala hakuwa amemwambia ipi ni njia ya pili. Akakitazama, kweli kimeungua.

"Kata hiyo njia," alisema Laku. "Usiache iguse zingine. Tatu zinatosha."

Rosa alikata, akafunga ncha kwa utepe. Chaneli ya pili, mojawapo ya njia nne za sauti za miksa, ilikuwa imekufa, na meza ya Ondoga ilikuwa imekwenda nayo, hilo alilijua. Lakini harusi ilikuwa bado iko hai.

Walirudisha meza barazani, nyuma ya benchi. Tombe akaenda kushika jenereta akiwa ndani ya suti yake ya harusi. Rosa alipeleka mkono kwenye swichi, akaurudisha. Ndipo Mzee Laku akasimama kando yake, mgongo ukanyooka, na kwa sauti ambayo Rosa hakuisikia tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, akaanza kuita kama walivyoitana kazini.

"Waya ya ardhi."

"Iko," Rosa alijibu.

"Jenereta."

"Imetulia."

"Sauti zote."

"Chini."

"Amplifaya."

"Imelala."

"Washa miksa. Ngoja. Harufu?"

"Hakuna."

"Sikiliza kwanza."

Rosa aliweka hedifoni. Chaneli ya kwanza ililia. Ya pili kimya. Ya tatu ililia, na ya nne ililia.

"Amplifaya," alisema Laku. Rosa akaiwasha, sifuri, akaanza kupandisha.

"Sema," alimalizia Laku.

Muziki ukatoka, safi, bila pwaa. Uwanja ulipiga kelele za furaha, lakini Rosa alikuwa akitazama mahali pengine. Kwenye mtungi wa kwete walikaa wazee wanne wa Lobule, askari wa zamani, na wazee hao walikuwa wameisikia ile sauti ya Laku. Waliweka vibuyu vyao chini. Mmoja alisimama wima, kisha wa pili, kisha wote wanne, mikono ubavuni, mmoja hana hata viatu. Laku aliwatazama, akawaitikia kwa kichwa mara moja, wakaketi, wakaendelea kunywa.

Baadaye Rosa alimwita Mzee Candia, akaweka maikrofoni mbele ya pembe yake kubwa, akaishusha sauti ya kaseti chini ya ile ya pembe ili mzee awe juu. Wanasema ngurumo ile ilifika mpaka barabara ya Oraba, na lori moja likasimama. Mimi sikuwa barabarani, siapi. Ila benchi niliiona. Mzee Candia alikuwa ameweka juu yake kibuyu kidogo cha kwete, kimefunikwa kwa jani, na kila aliyekigusa alimfukuza.

"Ni cha mashine," alisema. "Ikisikia kiu itasema yenyewe."

Jumatatu asubuhi Rosa alikuwa kwenye lori, miksa mapajani. Lino kwa kawaida alitumia chaneli ya kwanza na ya tatu peke yake. Ya pili ingeweza kukaa mwezi mzima bila mtu kujua, na mwezi mzima Rosa angekuwa mezani. Aliliwaza hilo kutoka Koboko mpaka Arua, sitamsingizia utakatifu. Alipofika ukumbini, Ondoga alikuwa kaunta na wateja wawili wa soda, Lino akifuta miwani. Rosa aliweka mzigo chini.

"Mzee, chaneli ya pili kwisha kufa," alisema, kabla ya hata kufungua blanketi. "Ilimwagikiwa kwete. Meza niliiweka mbele bila benchi, ni kosa langu."

Lino alicheka kwa pua. Ondoga hakucheka.

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema ikirudi mbovu mimi nisirudi, nitume mutu."

"Sasa mbona iko hapa wewe?"

"Mutu huyo angekuambia nini? Mahali pabovu ninapajua mimi."

Ondoga akachukua bisibisi, akafungua miksa yake mwenyewe, akaichungulia muda mrefu. Ndani kulikuwa safi kuliko siku aliyoinunua. Hata vumbi la Nairobi lilikuwa limekwisha. Aliuona waya uliokatwa, ncha yake imefungwa vizuri ili isiguse kitu. Akawasha kwa utaratibu aliofundishwa na Rosa, akajaribu zote nne. Tatu zililia. Akageuka.

"Lino. Spika mbili zilikufa mkononi mwako. Uliniambia nini?"

Lino alivaa miwani yake, kisha akaivua tena.

"Na wewe," Ondoga alimwambia Rosa, "nani alikufundisha kazi hii?"

Jina la Celestino lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo miaka mitano. Rosa alilirudisha.

"Baba yangu," alisema, kwa sauti ya kuwafikia wateja wa soda na waliokuwa wakipita nje. "Mzee Laku wa Lobule. Alikuwa mtu wa redio jeshini."

Wateja waligeuka wakamtazama, kisha wakarudi kwenye soda zao. Mbingu hazikuanguka. Ondoga alichukua chaki, akaenda mlangoni, akafuta ubao kwa kiganja mpaka jina la Lino likaisha.

"Niandike nini? Rosa Kiden?"

"Rosa Kiden," alisema. "Halafu chini yake, binti wa Laku."

Chaki ilikatika Ondoga alipofika kwenye jina la mzee. Aliinama, akaokota kipande, akamalizia.